Kondoo Sita wa Kula, Sita wa Kutazama

Nyamwaga, Tarime
14 Julai 2024

Baba Mdogo Nashoni,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka bwenini, baada ya ibada, wenzangu wengi wakiwa kwenye kufua. Simu haturuhusiwi kuwa nazo shuleni, kwa hiyo barua hii atakuletea Wangwe, yule dereva wa lori la ndizi anayeshusha mzigo Mugumu na kupita Natta. Bibi alikuja kuniona Jumamosi. Alisema mguu umeacha kumsumbua, ila alipoondoka niliona bado anachechemea. Msalimie Mama Mdogo Luciana. Jina la mtoto wenu naliandika kwa herufi kubwa ili alisome mwenyewe: ELIZA.

Bibi aliniambia na jambo jingine. Alisema Salvatori, mwenzako wa shimoni, amekupigia simu tena kutoka machimbo ya Kewanja, na kwamba ile kambi ya watalii isipokubali kondoo wako mpaka Krismasi, utarudi naye kuchimba. Unanijua, maneno hunijia watu wakishaondoka. Sasa yamekuja. Mwaka juzi shimo lilimfunika Baba, nawe ulikuwa juu ukingoja zamu yako. Sitaki urudi kule. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Sasa kuhusu kondoo. Bibi anasema Tomaso, mpishi wa kambi, aliikataa nyama yako kwa sababu ni ngumu kama mkanda. Madam Efrazia, anayetufundisha Kilimo, alinipa kijitabu cha mifugo nami nimekisoma chote. Kinasema kondoo wa kiangazi hutembea mbali kutafuta nyasi kavu, na kile anachokula kinaishia miguuni. Hakibaki cha kujenga nyama. Ukimwongezea chakula cha kutia nguvu, kama pumba za mahindi na molasi, kwa wiki kumi hivi kabla ya kuchinjwa, anakua haraka zaidi na nyama inakuwa laini. Uweke na mashudu ya alizeti kidogo, maana nguvu peke yake bila protini hugeuka mafuta tu.

Naomba tujaribu. Una madume kumi na wawili waliohasiwa, waliozaliwa mvua moja. Wote walishwe nyasi pamoja mchana. Jioni sita wapewe pumba, sita wasipewe. Wapime wote mwanzo, katikati na mwisho.

Kofia yako ngumu ya njano ya shimoni bado inaning'inia nyuma ya mlango?

Mwanao,
Ghati


Natta, Serengeti
3 Agosti 2024

Mwanangu Ghati,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Wangwe siku tisa, chini ya kiti, na sasa inanukia ndizi mbivu. Huku wazima. Mama Mdogo wako amevuna mtama kidogo. Eliza alilisoma jina lake, kisha akalisoma tena kwa kila aliyepita njiani, na kwa mbuzi.

Nimefanya ulivyosema. Sita nimewafunga uzi mwekundu shingoni na kuwapa namba moja mpaka sita. Wasio na uzi ni saba mpaka kumi na mbili. Tumewapima kwa mizani ya pamba, tukiwaning'iniza kwenye gunia. Wenye uzi wana wastani wa kilo kumi na nane na kidogo. Wengine kumi na nane kamili. Jirani yetu Machage alikuja kutazama, akaniuliza, "Nashoni, hawa wanapimwa afya au wanajiunga na jeshi?" Nikamwambia wanafanya utafiti. Akasema kondoo wake yeye wanafanya kazi ya ukondoo tu.

Pumba nimepata gunia la kilo hamsini. Chombo cha kupimia ninacho, kikijaa ni kilo moja. Natoa vyombo viwili jioni kwa wale sita, kama kijitabu kinavyosema.

Wale sita wengine nimewaweka nyuma ya ua wa miiba. Wanasimama pale wanatutazama.

Soma kwa bidii. Usimpe Bibi kazi ya kukubebea ndizi.

Baba yako mdogo,
Nashoni


Nyamwaga
18 Agosti 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nikamwonyesha Madam Efrazia barua yako, ila sehemu ya Machage niliikunja. Bibi hajambo. Nimemwambia asije tena mpaka mguu upone, akanijibu kwamba mguu ni wake.

Nina maonyo mawili. La kwanza, usiwape vyombo viwili kwa pumzi moja. Anza na nusu, uongeze polepole kwa wiki mbili. Kondoo asiyezoea nafaka akiipata nyingi kwa ghafla, tumbo huchachuka, anavimba, anaweza kufa. Kama umeshaanza na viwili, tafadhali rudi nyuma.

La pili ni kuhusu wale wasio na uzi. Najua wanaonekana kama hawana kazi, lakini wao ndio jaribio lenyewe. Wenye uzi wakinenepa, mtu atasema ni mvua, au ni mwaka mzuri. Tukiwa na wenzao ambao hawakula, ndipo tutajua ni pumba. Kwa hiyo wasionje kabisa.

Kuna jambo limenipata. Madam ameliandikisha jaribio letu kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya, Novemba, na anataka mimi ndiye nisimame kuelezea. Nilimwomba niandike karatasi za ukutani tu, mwingine aseme. Akasema, "Ghati, kondoo ni wa nani?" Tangu siku hiyo silali vizuri.

Hukujibu kuhusu kofia. Labda swali lilikuwa mwishoni sana.

Ghati


Natta
8 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kikohozi changu kimepungua, usimsikilize Bibi. Mama Mdogo anauliza kama shuleni wanawapa mboga au ni maharage siku zote.

Namba mbili alivimba siku zile za mwanzo, kabla barua yako haijafika. Nilimtembeza kijijini saa nzima huku nikimsugua ubavu, na Machage akaniuliza kama tunakwenda kuposa. Akapona. Nikarudi kwenye nusu chombo kama ulivyosema.

Tumepima wiki ya tano. Wenye uzi mwekundu wamefika kilo ishirini na moja na nusu. Wasio na uzi, ishirini na moja. Nadhani ni habari njema kwa wote.

Mwambie Wangwe aniletee pumba gunia la tatu akipita. La pili linaelekea kwisha. Nadhani ni panya. Panya wa Natta ni wakubwa.

Salvatori amepiga tena. Anasema zamu mpya inaanza mwishoni mwa Novemba. Nimemwambia tutaona.

Eliza amekuchorea picha, imo ndani ya bahasha.

Nashoni


Nyamwaga
22 Septemba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa haya nitakayoyaandika, nayaandika kwa heshima.

Gunia la kilo hamsini, kwa kilo mbili kila jioni, linatosha siku ishirini na tano. Wewe ulirudi nyuma kwenye nusu, kwa hiyo lingekaa zaidi. Lakini kwa wiki tano umemaliza karibu magunia mawili. Nilitafuta maktaba panya anakula kiasi gani. Ni gramu ishirini kwa siku, au chini. Ili wamalize kilo moja kila jioni wanatakiwa wawe panya hamsini, na wasiwe na mgeni hata mmoja. Nilidhani nyumba yenye panya hamsini Mama Mdogo angekuwa amekwishaitaja.

Tena wasio na uzi wameongezeka kilo tatu kwa kiangazi. Kijitabu kinasema kwa nyasi kavu peke yake ingekuwa kilo moja, moja na kidogo.

Kisha nikaitazama picha ya Eliza. Ni picha nzuri, nimeibandika ndani ya mlango wa sanduku langu. Amechora hori na kondoo wakila. Niliwahesabu. Ni kumi na wawili. Wewe umesimama katikati na kitu cha njano mkononi, kama jua lililopinduliwa. Ua wa miiba hakuuchora.

Labda Eliza hajui kuhesabu vizuri. Naomba uniambie kwamba hajui kuhesabu.

Ghati


Natta
6 Oktoba 2024

Ghati mwanangu,

Marahaba. Bibi nilimpigia simu, yuko vizuri. Mtama umekwisha kupurwa. Luciana amesuka mkeka mpya, na nyanya zimekataa kabisa mwaka huu.

Eliza anajua kuhesabu. Anahesabu mpaka thelathini.

Siku ya kwanza nilivumilia. Wale sita walikula, na wale sita wengine wakaweka vidomo juu ya miiba. Siku ya pili yule namba kumi mwenye sikio lililochanika akalia kama mtoto. Siku ya tatu nikampa kiganja kimoja, yeye tu. Siku ya nne wenzake walikuwa wameshajua. Nilifungua ua.

Sikulelewa hivyo, mwanangu. Kwa bibi yako mtu akipita watu wakiwa kwenye ugali, anavutiwa kigoda. Hata mtu tuliyegombana naye mpaka wa shamba. Sasa wewe unaniambia niwape wengine, na wengine wasimame watazame kwa wiki kumi. Najaribu kuwaambia ni sayansi. Hawajasoma.

Na kuna jingine. Kule shimoni tulikuwa tunakula kwa zamu, chungu kimoja. Baba yako alikuwa wa kwanza kula kwa sababu alikuwa wa kwanza kushuka, na kila siku alinibakishia nusu, hata chakula kikiwa kidogo. Siku ile pia alinibakishia. Nilikikuta chini ya kifuniko, nikakila, sijajua kule chini kumetokea nini.

Najua nimekuharibia kazi yako ya shule. Ulipoandika wasionje kabisa nilitaka kukuambia, ila uliandika kwa furaha. Nikasema nitakuambia barua ijayo. Ndiyo hii.

Nashoni


Nyamwaga
13 Oktoba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako safari hii imefika kwa siku tano, Wangwe anasema hakuwa na mzigo.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika na kwenda kukaa nyuma ya maktaba. Mara ya pili nililia, kwa ajili ya kile chungu. Hukuwahi kuniambia. Nashukuru kwamba alikula kabla ya kushuka. Nilikuwa najiuliza.

Mara ya tatu nikaanza kufikiri. Ulisema kondoo wa Machage wanafanya kazi ya ukondoo tu. Hawa wako wamezaliwa na dume lake, sivyo? Na anao wa mvua hiyohiyo, wanalishwa mbuga ileile, na jioni hawapewi kitu. Basi wasiokula tunao. Mwombe akuruhusu kupima sita. Madam Efrazia anasema si sawa na jaribio lililopangwa tangu mwanzo, kwa sababu hatukuwapima Agosti, na kwamba lazima niseme hivyo wazi mbele ya watu. Nitasema.

Na Tomaso akija kuonja, mchinjie mmoja wako na mmoja wa Machage, apike kwa namna moja, asiambiwe ni yupi. Tafadhali waambie vijana wasimkimbize kondoo siku hiyo. Kondoo aliyekimbizwa na mbwa anaimaliza ile nguvu iliyohifadhiwa misulini, na nyama yake inatoka nyeusi na ngumu. Wiki kumi za pumba zinaweza kupotea kwa dakika kumi za kukimbia. Afungwe kivulini tangu jana yake, apewe maji.

Kitu cha njano hukukitaja. Sitauliza tena. Ila tarehe za zamu ya Salvatori nimezihesabu kwenye kalenda.

Ghati


Natta
27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa haraka, Wangwe amewasha gari.

Wiki ya kumi imekwisha. Wenye uzi wana wastani wa kilo ishirini na nne na nusu. Wasio na uzi, ishirini na nne. Machage alikubali tuwapime wake sita, kwa sharti kwamba nisiwafunge uzi. Wastani ni kilo kumi na tisa na nusu. Alitazama mizani, akaigonga, akasema imezoea pamba. Tukampima Eliza, ikasema kweli.

Tomaso amesema atakuja katikati ya Novemba. Hajaahidi kitu. Anasema tangu mwaka jana ameahidiwa nyama laini na watu wanne, na meno yake bado yanapata taabu ileile.

Ukisimama mbele ya watu usitazame nyuso. Tazama paji la uso la mtu mmoja.

Nashoni


Nyamwaga
10 Novemba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Bibi amekubali kwenda zahanati, amepewa dawa ya kuchua. Maonyesho yamepita. Nakueleza yote.

Nilisimama mbele ya meza yenye karatasi zangu, picha ya Eliza na mfuko mdogo wa pumba. Mikono niliiweka nyuma. Walikuja waamuzi watatu. Nilisema kilo za Agosti na za Oktoba. Nilisema kondoo wa Machage hawakupimwa mwanzo, kwa hiyo tofauti ya kilo tano ni dalili, si uthibitisho. Sikutazama karatasi.

Mzee mmoja mwenye miwani akainama juu ya jedwali langu. Akauliza, "Mpango wako unasema hawa sita hawakupaswa kulishwa. Mbona wamenenepa kama wenzao?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu kuhusu makosa ya utekelezaji. Lilipotea. Nikasema, "Kwa sababu baba yangu mdogo hawezi kula mtu akimtazama."

Watu wakacheka. Nilidhani ninachekwa mimi, uso ukawaka. Lakini yule mzee hakucheka. Alivua miwani, akafuta, akasema, "Basi mwakani panga jaribio ambalo baba yako mdogo anaweza kulifanya. Watenge mbali, wasionane." Akaandika kitu.

Sikupata zawadi. Aliyeshinda ni mvulana wa jiko la maranda, na lilikuwa jiko zuri. Madam Efrazia alinishika bega njia nzima ya kurudi.

Sijui kama Tomaso amekuja. Sijui kama Salvatori amekuja. Shule inafungwa tarehe sita Desemba, na Bibi amesema naweza kuja Natta. Nitakukuta?

Ghati


Natta
24 Novemba 2024

Ghati mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimemsomea Luciana, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia, "Unaona? Umefika mpaka wilayani kwa kushindwa kula." Sasa Kushindwa Kula ndilo jina langu hapa nyumbani. Eliza ana jino linalotikisika.

Tomaso alikuja tarehe kumi na sita, na kisu chake mwenyewe. Tulimchinjia namba kumi, yule wa sikio lililochanika. Niliona uchungu, sitakuficha. Alipumzika kivulini tangu jana yake kama ulivyosema, nikambembeleza. Wa Machage alifungwa palepale kivulini pia. Tomaso akakata paja kwa paja, akachoma kwa moto mmoja, chumvi tu. Sahani akazipanga Luciana, yeye tu ndiye alijua ipi ni ipi.

Tomaso hasemi ovyo. Alitafuna ya kwanza, akatazama milima. Akatafuna ya pili, akatafuna, akatafuna, akaomba maji. Kisha akarudi kwenye ya kwanza, akaimaliza. Akaniuliza, "Hawa unao wangapi?" Machage, aliyekuwa amekaa pale, akaonja sahani zote mbili, akasema ya kwanza ndiyo yake. Luciana akamwambia hapana. Kesho yake alikuja kuuliza pumba nanunua wapi.

Alitoa kasoro moja. Kwenye mkia mafuta yalikuwa mengi, anasema wageni wake wanayaacha sahanini. Tutaangalia hayo mashudu pamoja. Lakini atachukua kondoo mmoja kila wiki kuanzia Januari, wawili kambi ikijaa, ilimradi kila mmoja amekula wiki kumi. Nitanunua wengine kwa Machage, kabla hajawa mjanja.

Sasa lile jingine.

Salvatori alikuja juzi, na buti zake begani. Alikula, akasema, "Haya mura, twende. Zamu ni Jumatatu. Kofia yako iko wapi?" Nikatoka nayo zizini. Ilikuwa na pumba ndani, na molasi imegandia mpaka kwenye mikanda ya kichwa, na sisimizi wawili watatu. Akaitazama. Akasema, "Nashoni, hii haingii kichwa tena." Alilala hapa, asubuhi nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilimfungia nyama ya njiani, ile laini.

Uliniuliza habari ya kofia mwezi wa saba, na mimi nikaipita kila barua. Siku pumba zilipofika ndiyo niliyoiona karibu, nikapimia. Nilijiambia Desemba nitaiosha. Sikukujibu kwa sababu sikujua kama nitaiosha au la, na wewe si mtu wa kudanganywa kirahisi, umeona mambo ya panya.

Aliposhika njia Salvatori, nilichoma msumari motoni nikaitoboa matundu mawili, huku na huku, nikatia kamba. Sasa inabebwa kama ndoo. Kofia yenye matundu msimamizi yeyote wa shimo anaikataa.

Utanikuta. Wangwe atakuleta tarehe saba, nimeshamwambia akuweke mbele, si juu ya ndizi. Kipimo cha jioni utakishika wewe. Na lile zizi la pili, la wasiopaswa kuonana na wenzao, nimechimbia nguzo nne nyuma ya nyumba ya Machage, ng'ambo ya kichuguu, nisikowaona. Atakayewalisha nyasi huko ni Luciana. Mimi nimejikataza kufika.

Wale watano waliobaki wasio na uzi wanakusalimu. Wameshakula.

Baba yako mdogo,
Nashoni